Kabla Hatujauza Shamba Kununua Kidonge cha Limfoma

Wiki tatu zilizopita, baada ya sala ya Isha, mpwa wangu alinijia barazani na simu mkononi. Hata kukaa hakukaa. "Mjomba, hebu sikiza hii," akasema, akabonyeza. Ilikuwa ni sauti iliyokuwa ikizunguka kwenye makundi ya WhatsApp. Mtu nisiyemjua alikuwa akieleza kwamba Marekani wamepata kidonge kinachozima saratani ya matezi bila kemo na bila mtu kunyonyoka nywele, na kwamba hospitali zetu zinakificha kwa sababu ya biashara. Sauti ilipokwisha ndipo akasema lililomleta. "Nyumbani wameshakubaliana. Dalali anakuja Ijumaa kuliangalia shamba la Msambweni."

Shamba lenyewe ni ekari tatu za minazi na mikanju, urithi wa babu yake. Mgonjwa ni baba yake, mume wa dada yangu, mtu wa miaka 58 aliyetumia ujana wake wote bandarini. Shingo yake ilikuwa imevimba upande mmoja na karatasi ya hospitali ilikuwa imeandikwa limfoma. Neno hilo moja lilitosha kuitia nyumba nzima kiwewe.

Nilimwomba mpwa wangu anipe hadi Alhamisi. Mimi si daktari. Nimesimama nyuma ya kaunta ya duka la dawa miaka 26, na kazi hiyo imenifundisha kusoma karatasi za dawa na kuuliza bei. Nikasoma. Nilichokikuta ni kwamba ile sauti ilikuwa na ukweli nusu, na ukweli nusu ndio unaouza mashamba ya watu. Kwa hivyo nayaandika hapa niliyomwambia dada yangu, maana najua nyumba hii si ya peke yake.

Kidonge hicho kipo kweli

Limfoma ni saratani ya chembe za ulinzi wa mwili, zile zinazokaa kwenye matezi ya shingo, ya kwapa na ya kinena. Si ugonjwa mmoja. Madaktari wanahesabu aina zaidi ya 60, na kila aina ina tabia yake na dawa zake. Hili la aina ulishike, kwa sababu ndilo lililotuokoa.

Kidonge kinachosemwa kinaitwa tazemetostat. Ni cha ukoo wa dawa zinazolenga vitu viitwavyo vimeng'enya vya epijenetiki. Jina linatisha, lakini aliyesoma chuoni kwa mwalimu hatapotea. Chukua herufi tatu: kafu, te na be. Ukizitia fat'ha zote unasoma kataba, yaani ameandika. Ukibadilisha irabu unasoma kutiba, yaani imeandikwa. Herufi ni zile zile, ila alama za juu na chini ndizo zilizobadilika, na maana ikabadilika nazo.

Mwili nao uko hivyo. Chembe ya jicho na chembe ya ngozi zina maandishi yale yale ya urithi, yaani jeni zile zile. Kinachofanya moja iwe jicho na nyingine iwe ngozi ni alama ndogo za kikemia zilizowekwa juu ya maandishi hayo, au juu ya protini ambazo uzi wa jeni umezungushiwa kama uzi kwenye kibiringo. Alama nyingine husema jeni hii isomwe, nyingine husema inyamaze. Vimeng'enya ndio makarani wanaoziweka alama hizo na kuzifuta. Elimu ya alama hizo ndiyo epijenetiki.

Karani mmoja anaitwa EZH2. Kazi yake ni kutia sukuni, yaani kuzinyamazisha baadhi ya jeni. Kwa mtu mzima wa afya kazi hii ina wakati wake. Chembe ya ulinzi inapokutana na kijidudu, huingia ndani ya tezi kama mwanafunzi anayeingia chuoni. Hapo huzaana kwa kasi na kujinoa mpaka ipate silaha inayomfaa adui yule. Kipindi hicho EZH2 hunyamazisha jeni zinazosema "basi, umehitimu, toka." Mafunzo yakiisha EZH2 hupoa, na chembe hutoka kwenda kazini.

Mwaka 2010 watafiti wa Vancouver, Canada, waligundua kwamba katika kundi moja la limfoma za chembe B, karibu mgonjwa mmoja kati ya watano alikuwa na herufi moja iliyobadilika kwenye jeni ya EZH2. Walikuta hivyo pia kwa baadhi ya wagonjwa wa limfoma nyingine iitwayo folikula. Karani akawa na mkono mzito, anatia sukuni kupita kiasi. Chembe ikabaki mwanafunzi asiyehitimu, inazaana tu ndani ya tezi. Tazemetostat inakwenda kukaa pale pale EZH2 inapochovya wino wake. Mkono ukikosa wino, jeni zilizonyamazishwa zinaanza kusomeka tena. Juni 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiidhinisha kwa wagonjwa wa limfoma ya folikula ambao matibabu ya awali yalikuwa yameshindwa.

Ukoo wenyewe si wa jana

Aliyeitoa ile sauti alisema ni siri mpya. La. Mwaka 1971 mwanasayansi wa New York aitwaye Charlotte Friend alitangaza jambo la ajabu. Alikuwa na chembe za saratani ya damu za panya. Alipozitia DMSO, kiyeyusho cha kawaida cha maabara, zikaanza kutengeneza himoglobini kama chembe nyekundu za damu za kawaida. Hazikuuliwa, zilikomazwa. Wenzake wawili, daktari Paul Marks na mkemia Ronald Breslow, wakatumia miongo kadhaa wakitafuta kitu chenye nguvu zaidi ya kile kiyeyusho. Walichopata ni vorinostat, ambayo huzuia kundi jingine la makarani liitwalo HDAC. Iliidhinishwa Oktoba 2006 kwa limfoma ya ngozi. Tangu kile kiyeyusho hadi kidonge ni miaka 35.

Baada yake zikafuata nyingine. Romidepsin, iliyotokana na bakteria wa udongo wa Japani, iliidhinishwa 2009. Belinostat ilikuja 2014. Mwaka huo huo China ikaidhinisha dawa yake yenyewe, chidamide. Mwaka 2022 Japani ikaidhinisha valemetostat kwa saratani ya chembe T inayoletwa na virusi vya HTLV-1. Virusi hivyo vimeenea sana kusini magharibi mwa nchi yao, na wao ndio waliomshughulikia mgonjwa wao. Hili la Japani nitalirudia.

Kupungua si kupona

Sasa tuje kwenye hesabu ambazo ile sauti haikuzitaja. Jaribio lililoipa tazemetostat sifa lilikuwa na wagonjwa 99 wa limfoma ya folikula waliokuwa wameshatibiwa kwa dawa nyingine. Kati ya 45 waliokuwa na ile herufi iliyobadilika, uvimbe ulipungua kwa kiwango kilichowekwa kwa asilimia 69. Kati ya 54 wasiokuwa nayo, ulipungua kwa asilimia 35. Kwa watu waliokwisha kukata tamaa hizo ni habari njema, tena njema sana. Lakini kwa wale 45, muda wa kawaida wa nafuu hiyo kabla ugonjwa haujarudi kusonga mbele ulikuwa chini ya mwaka mmoja. Na karatasi ya dawa yenyewe inaonya kwamba baadhi ya wanaoitumia wanaweza kupata saratani nyingine ya damu.

Tena idhini ile ilikuwa ya haraka. Maana yake, dawa inaruhusiwa kwa sababu uvimbe umepungua, huku watengenezaji wakidaiwa majaribio makubwa zaidi ya kuthibitisha kwamba wagonjwa wanafaidika kweli. Majaribio hayo wakati mwingine huleta majibu machungu. Romidepsin ilipewa idhini ya haraka kwa aina moja ya limfoma ya chembe T. Ilipojaribiwa kwa wagonjwa 421 ikiongezwa juu ya kemo ya kawaida, haikuongeza faida iliyotarajiwa. Mwaka 2021 kampuni ikaiondoa kwa matumizi hayo nchini Marekani, ikabaki kwa limfoma ya ngozi. Hakukuwa na hila hapo. Hivyo ndivyo elimu inavyokwenda, ila mtu aliyekwisha kuuza shamba hana pa kulidai.

Na bei? Tazemetostat ilipoingia sokoni Marekani mwaka 2020, bei iliyotajwa ilikuwa dola 15,500 kwa mwezi. Kwa shilingi yetu ni karibu milioni mbili. Kila mwezi, na si kozi ya mwezi mmoja. Mgonjwa humeza asubuhi na jioni maadamu inamsaidia. Linganisha na SHA. Mpango ulipoanza, kiwango cha saratani kilichotangazwa kilikuwa shilingi 400,000 kwa familia kwa mwaka, na zikiisha, 150,000 nyingine kutoka mfuko wa magonjwa sugu na mahututi. Jumla 550,000. Kwa bei ya Marekani, pesa hizo ni za siku nane. Kiwango kikiongezwa hata maradufu, ni siku kumi na sita.

Nilimfanyia dada yangu hesabu ile ile kwa shamba. Kwa bei aliyoitaja dalali, minazi na mikanju ya baba mkwe wake ingenunua miezi mitatu. Mwezi wa nne hakuna shamba na hakuna dawa.

Ugonjwa wetu na sayansi ya wenzetu

Mtu anaweza kusema, basi haya ni mambo ya matajiri, tuyaache. Mimi sikubaliani, na sababu yangu inaanzia hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari wa upasuaji Denis Burkitt aliitwa kumwangalia mtoto aliyevimba taya pande zote. Baadaye akamwona mwingine, na mwingine. Mwaka 1958 akaandika habari zao, na 1961 akafunga safari ya gari ya maili 10,000 akipita hospitali za Afrika Mashariki mpaka kusini kuuliza wapi watoto hao wanaonekana. Akaona kwamba ugonjwa unafuata sehemu za joto na mvua, zile zile za malaria, na nyanda za juu zenye baridi hauko. Kwa Kenya, ukanda huo ni Ziwa Victoria na Pwani yetu. Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alitoa mhadhara London, na mmoja wa waliomsikiliza, Anthony Epstein, akaomba apelekewe vipande vya uvimbe kutoka Kampala. Mwaka 1964 Epstein na wenzake wakatangaza virusi walivyovikuta ndani yake. Vilikuwa virusi vya kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu, na vilitokana na nyama ya watoto wetu.

Limfoma ya Burkitt ni ugonjwa wa epijenetiki pia, kwa namna yake. Virusi vile vinaishi ndani ya chembe vikiwa vimetiwa sukuni karibu jeni zake zote. Kwa kuwa vimenyamaza, askari wa mwili hawavioni. Hapo ndipo lilipotokea wazo lililonisisimua kuliko yote niliyosoma. Watafiti walichukua dawa ya kuzuia HDAC, nanatinostat, wakaichanganya na dawa ya kawaida ya virusi. Ya kwanza inamwamsha mwizi aliyelala, ya pili inamkamata akiwa macho. Wakaijaribu kwa watu wazima wenye limfoma mbalimbali zenye virusi hivyo, zilizokuwa zimeshinda dawa nyingine, na baadhi yao uvimbe ulipungua.

Kisha? Mapema mwaka 2025 kampuni ya Marekani iliyokuwa ikiiendesha kazi hiyo, Viracta, ilifunga milango. Soko la fedha halikuona faida ya kutosha. Sisemi kwamba dawa ile ingewaponya watoto wa Kilifi. Kwao haikufika hata kujaribiwa. Nasema hivi: Wajapani walipokuwa na limfoma yao, walikuwa na kampuni zao, hospitali zao na mamlaka yao ya dawa, na wakapata kidonge. Limfoma yetu imefundisha ulimwengu kwa zaidi ya miaka 60, na wazo linaloigusa likianguka kwenye soko la hisa la New York, sisi hata habari hatupati. Vyuo vikuu vyetu na taasisi zetu za utafiti zina wataalamu. Kinachokosekana ni serikali kuamua kwamba ugonjwa huu ni wetu.

Udogo wa dawa ni nguvu yetu

Kuna jambo moja linalonipa matumaini, nalo ni la kaunta ya duka. Dawa hizi ninazozitaja ni molekuli ndogo. Nyingi ni vidonge na kapsuli. Hazihitaji kiwanda cha chembe hai wala kuchukua damu ya mgonjwa na kuipeleka ng'ambo kutengenezwa. Kikemia, kiwanda kizuri cha India au cha hapa kwetu kinaweza kuziunda kwa gharama ndogo sana ukilinganisha na bei ya kwenye boksi. Bei ile inalindwa na hataza, yaani haki ya kampuni kuuza peke yake, na hataza kwa kanuni za kimataifa ni miaka 20 tangu siku ya maombi. Haidumu milele.

Tumeshayaona haya. Mimi niko kaunta miaka ile dawa za ukimwi zilipokuwa za wenye nazo tu. Nakumbuka baba mmoja aliyenunua dawa za wiki moja, akaniambia wiki ijayo atajua Mungu. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza mchanganyiko wa dawa tatu kwa dola 350 kwa mwaka, chini ya dola moja kwa siku, wakati bei ya nchi za magharibi ilikuwa dola elfu kumi na zaidi. Mwaka huo huo Bunge letu lilipitisha Sheria ya Mali ya Viwanda iliyofungua mlango wa kuagiza dawa za bei nafuu. Na sheria ya bidhaa bandia ya 2008 ilipotishia kuzichanganya dawa halali za nakala na dawa bandia, Wakenya watatu wanaoishi na virusi walikwenda mahakamani. Aprili 2012 Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba haki yao ya uhai na afya inatangulia. Leo dawa hizo zinatolewa bure.

Kwa saratani, imatinib ilipita njia hiyo hiyo. Ni kidonge cha molekuli ndogo kinacholenga kimeng'enya kilichoharibika katika aina moja ya saratani ya damu. Mwaka 2013 Mahakama Kuu Kabisa ya India iliikatalia Novartis hataza mpya juu yake, na viwanda vya India vikaendelea kuitengeneza kwa bei ya watu. Hakuna sababu ya kikemia kwa nini vidonge vya epijenetiki visifuate njia hiyo siku moja. Sababu itakuwa ya kisheria au ya uvivu wetu wa kutokudai.

Lakini kwanza, tezi likatwe

Hapa nifike kwenye kosa, na kosa la kwanza ni langu.

Uvimbe wa shemeji ulianza Ramadhani iliyopita, kama kokwa ya zabibu shingoni. Haukuuma. Alinionyesha baada ya futari, nikaugusa, nikamwambia ni mtoki tu wa shingoni, labda jino. Nikampa antibayotiki ya siku saba. Haukupungua. Akaenda kituo kimoja cha afya, akapigwa picha ya kifua, akaambiwa huenda ni kifua kikuu cha matezi, akaanzishiwa dawa. Miezi minne amemeza. Hakuna aliyechukua kipande cha tezi kukiangalia kwenye hadubini. Mimi, mtu wa dawa, nilimwona kila Ijumaa msikitini na sikumuuliza, "Shemeji, umepimwa nyama?"

Hili halikutokea kwetu tu. Kifua kikuu ni kingi, matezi yake yanafanana na ya limfoma, jasho la usiku na kukonda ni kule kule. Daktari anayekisia kifua kikuu katika nchi yetu mara nyingi atapata. Lakini akikosa, mgonjwa wa limfoma anapoteza miezi ambayo hairudi. Na mtoto mwenye Burkitt hana hata miezi ya kupoteza, maana uvimbe wake hukua kwa siku. Anayevimba taya kwa kasi asingoje kung'olewa jino.

Alhamisi ile nilipokwenda kwa dada yangu niliomba kitu kimoja: karatasi ya majibu. Ilikuwa kwenye bahasha chini ya mto. Hatimaye alikuwa amekatwa kipande, na mtaalamu wa patholojia alikuwa ameandika ukurasa mzima. Nyumba nzima ilikuwa imesoma neno moja tu. Chini yake ilikuwa imeandikwa aina: limfoma ya chembe B kubwa iliyosambaa. Si folikula. Kidonge cha ile sauti, hata kama tungekuwa na milioni mbili za kila mwezi, hakikuidhinishwa kwa aina yake.

Na aina yake ina dawa. Ni kemo ya dawa nne za zamani pamoja na rituximab, dawa ambayo imo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2015. Kwa kawaida hutolewa kila baada ya siku 21, mara nyingi duru sita. Katika majaribio makubwa, zaidi ya nusu ya wagonjwa wa aina hii hupona kabisa. Sikusema kupungua. Nimesema kupona. Nywele hunyonyoka, kweli. Nywele huota. Burkitt ya watoto nayo hupona kwa kemo ikiwahiwa.

Kwa hivyo kabla ya kudai kidonge cha kesho, kuna mambo ya leo ya kudai. Sisi wenyewe, tezi lililokaa zaidi ya wiki sita bila kupungua lisitibiwe kwa kukisia. Tuombe likatwe na kupimwa, na tuulize jina kamili la aina. Sisi wa maduka ya dawa tuache kuuza antibayotiki ya pili na ya tatu kwa tezi lile lile. Kaunti sita za Pwani zina umoja wao, Jumuiya ya Kaunti za Pwani. Ziwe na utaratibu mmoja wa kusafirisha sampuli kutoka Lamu, Hola, Kwale na Voi mpaka maabara yenye mtaalamu wa patholojia, na siku za kurudisha majibu zijulikane. Mgonjwa wa Faza asipande boti na basi kubeba nyama yake mwenyewe kwenye chupa. SHA nayo ibandike wazi dawa gani za limfoma inalipia na kwa bei gani, na inunue nakala halali kwa wingi badala ya kila hospitali kununua peke yake. Bila maabara, hata hivyo vidonge vya epijenetiki vikishuka bei vipi havitatufaa, kwa sababu vimetengenezwa kwa ajili ya herufi fulani iliyobadilika, na sisi hatuna wa kuisoma.

Dalali alikuja Ijumaa. Alipewa kahawa na kashata, akaambiwa shamba haliuzwi kwa sasa. Jumatatu shemeji alipelekwa kliniki ya saratani na karatasi yake, ukurasa mzima, na akaanza duru ya kwanza wiki hiyo hiyo. SHA imelipa sehemu, jamaa wamechanga iliyobaki, na minazi miwili imekodishwa kwa mgema. Duru ya pili ni wiki ijayo. Shingo imeanza kulegea, lakini sitasema zaidi ya hapo. Duru sita ni nyingi na Mungu ndiye ajuaye.

Mpwa wangu bado ananiletea sauti za WhatsApp. Juzi alileta nyingine, ya mizizi safari hii. Kabla sijasema neno, akaniuliza mwenyewe: "Mjomba, huyu anasema saratani tu. Mbona hasemi ya aina gani?"